Nani Aliangusha "Eti"?

Asanteni. Walio nyuma wasogee mbele kidogo, maana sauti yangu si ya mhubiri wa bustani ya Jeevanjee, Nairobi, saa saba mchana.

Nianze na chuma. Tarehe 30 Desemba 2024, mwendo wa saa tisa alasiri, pete ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Upana wake ulikuwa kama mita mbili na nusu, uzito kama kilo 500. Mnakumbuka mlisema nini? Kwenye simu yangu ilikuwa bomu, halafu kipande cha ndege, halafu dalili ya kiama. Jirani yangu yeye aliuliza tu kama inaweza kuuzwa kwa kilo. Shirika la Anga za Juu la Kenya likafika, likachunguza, likaeleza kwamba, kwa uchunguzi wa awali, ni pete inayotenganisha sehemu za roketi. Kwa kawaida vitu hivyo huungua vinaporudi angani mwetu, au huangukia baharini. Hicho hakikuungua.

Nilirudi kuupekua mjadala ule tangu mwanzo. Ujumbe wa kwanza niliouona ulisema, "Eti ni bomu?" Wa pili, "Nasikia ni bomu." Kufika jioni: "Bomu Makueni!" Hakuna aliyetunga uongo pale. Kila mmoja alifowadi, na njiani kale kaneno "eti" kakadondoka kama sarafu kwenye matatu.

Kiswahili kilitutayarishia haya zamani. Tuna eti, tuna huenda, tuna yasemekana, tuna nasikia. Bibi yangu hakuwahi kusimulia jambo la mtaa wa pili bila "wanasema." Mwandishi wa vichwa vya habari hana nafasi ya maneno hayo, na sisi tunaosimama kona ya barabara ya Tom Mboya tukisoma magazeti bila kununua (msijifanye hamjui) tunakwenda na kichwa cha habari pekee.

Mtaniuliza, haya yanahusu nini uhuru wa raia? Yanahusu sana. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari au mawazo. Angalieni kitenzi kilichotangulia: kutafuta. Anayeandika "eti ni bomu?" anatafuta. Ibara hiyo hiyo inawatoa nje wachochezi wa vita na ghasia na wenye matamshi ya chuki, na inadai tuheshimu sifa za wenzetu. Lakini sikuona pale mahali ambapo mtu anatakiwa awe na hakika ndipo aulize.

Sasa shikeni Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018. Kifungu cha 23 kilimlenga anayechapisha habari za uongo huku akijua ni za uongo, zikazua taharuki au fujo, au zikaelekea kumvunjia mtu heshima. Adhabu: hadi shilingi milioni 5, hadi miaka 10 jela, au vyote viwili. Wanablogu walikwenda mahakamani, vifungu 26 vikasimamishwa Mei 2018. Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema havipingani na Katiba.

Neno "akijua" ni zuri. Tatizo ni kwamba huthibitishwa mwishoni, mbele ya hakimu, ilhali simu hunyang'anywa mwanzoni. Na ushahidi mkononi ni picha ya skrini ya ujumbe wa mwisho, ule usio na "eti."

Ndiyo maana naipenda hukumu ya Aprili 2016. Jaji Mumbi Ngugi alikifuta kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, kilichoadhibu ujumbe wa "kuchukiza" au wa kumletea mtu "usumbufu." Alisema ni maneno mapana mno, raia hawezi kujua mpaka uko wapi. Kusumbuliwa! Kwa kipimo hicho kundi letu la familia lingekuwa gereza la Industrial Area lote.

Nikiri langu. Juni 2021 gazeti moja la Afrika Kusini liliandika kwamba mwanamke wa huko amejifungua watoto kumi kwa mpigo. Nilifowadi kwenye makundi matatu, bila "eti," na vimoyo juu. Shangazi akapendekeza tuchange, tukaanza kubishana nani atashika pesa. Baadaye serikali ya jimbo la Gauteng ikasema hakuna hospitali yenye rekodi ya uzazi huo. Nilisahihisha kundi moja. Mawili niliona haya. Kule kwa shangazi sikuandika kitu, na hadi leo huniuliza wale watoto wanaendeleaje.

Sasa yule anayenikamata kwa watoto kumi atakuwa amenikamata kwa upumbavu, si kwa uongo. Nataka sheria ijue tofauti hiyo. Mimi nami nilidaiwa masahihisho mawili, na ya shangazi nitayaandika usiku wa leo.

Mama wa leso ya manjano ameinua mkono tangu nilipotaja Mukuku. Nadhani ni mtu wa kule. Mpeni kipaza sauti.