Kuwajua Wakatoliki na Kuujua Ukatoliki

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Kila mazungumzo yanapogusa dini, hakosi mtu wa kusema: "Wakatoliki? Nawajua hao, nimekua nao." Kisha hukumu inafuata. Wanaabudu sanamu. Wanatenda dhambi, wanaungama, wanarudia. Papa kwao hakosei.

Anayesema hivyo hadanganyi. Ameona kweli alichokiona. Ila alichokiona ni mtu, na anachokihukumu ni fundisho.

Mtazameni mama aliyepiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria, kashika miguu ya sanamu, midomo inacheza. Ukiwa mlangoni utaapa kwamba anaiabudu plasta. Msogelee umsikilize: "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu." Anaomba aombewe. Mtaguso wa pili wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 787, ulikwisha kulipambanua jambo hili: heshima inayopewa picha humwendea yule aliyechorwa, na ibada yenyewe ni ya Mungu peke yake.

Lakini msinipigie makofi bado. Mama huyohuyo, ukimhoji zaidi, huenda akakwambia sanamu hii ina nguvu kuliko ile ya parokia ya pili. Hapo amepotoka kwa kipimo cha Kanisa lake mwenyewe. Kwa hiyo si macho yako tu yanayoweza kukudanganya. Hata jibu la Mkatoliki si lazima liwe jibu la Ukatoliki. Mwaka 2019 taasisi ya Pew Research Center iliwauliza Wakatoliki wa Marekani kuhusu Ekaristi. Asilimia 31 tu ndio waliosema mkate na divai hugeuka kweli kuwa mwili na damu ya Kristo. Na hilo ndilo fundisho lililo kiini cha Misa! Wengi wa waliobaki walidhani Kanisa nalo linafundisha kwamba ni ishara tu.

La Papa nitalipitia haraka. Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, haukusema kila neno lake ni kweli. Uliweka masharti mazito ya tamko lake kuhesabiwa halina kosa, na tangu hapo yametimizwa waziwazi mara moja, mwaka 1950, Papa Pius XII alipotangaza kwamba Maria alipalizwa mbinguni mwili na roho. Maoni ya Papa kuhusu siasa hayamo.

Swali gumu ni la padri mwovu: je, sakramenti zake ni halali? Hili ni la kale. Baada ya mateso ya Wakristo chini ya Kaisari Diocletian wa Roma yaliyoanza mwaka 303, Wadonati, Wakristo waliojitenga huko Afrika Kaskazini, walishikilia kwamba askofu aliyesalimisha Maandiko kwa watesi hana tena uwezo wa kutoa sakramenti halali. Augustino, askofu wa hukohuko, aliwapinga: hata Yuda akibatiza, abatizaye ni Kristo. Kanisa likabaki na msimamo huo. Maana yake ni kwamba fundisho lenyewe linatarajia wahudumu wabovu, na katika Misa mara nyingi waumini hujipiga kifua wakisema, "nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana."

Je, uzoefu basi ni bure? La hasha, na hapa naachana na watetezi wanaojificha nyuma ya Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa. Kanisa linadai kwamba neema hubadilisha watu, na linawatangaza watakatifu kama matunda yake. Ukiyahesabu matunda mazuri, huwezi kumkataza jirani asiyahesabu yaliyooza. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulilikiri hilo mwaka 1965 katika hati ya Gaudium et spes: waumini wenyewe wanaweza kuwa na sehemu kubwa katika kuzuka kwa ukanamungu, maana kwa kasoro za maisha yao huuficha uso wa Mungu badala ya kuuonyesha. Maneno hayo hayakuandikwa na adui.

Kwa hiyo aliyeumizwa na padri msimsomee aya. Asikilizwe, na akiamua asikanyage tena kanisani, nani atamlaumu? Ila siku akiniambia kwamba kwa sababu ya padri yule mkate haugeuki, nitamuuliza, kwa upole, amejuaje. Maana hata padri yule angekuwa malaika, swali la mkate lingebaki palepale.