Jiwe Kubwa Si Mwamba: Kuisoma Regolithi Kabla ya Kujenga

Mabibi na mabwana, mada yetu leo ni vile vyote vilivyolegea juu ya mwamba: udongo, mchanga, changarawe, mawe yaliyooza. Mwanajiolojia George Merrill aliviita regolithi mwaka 1897. Unene wake haukisiwi kwa macho. Penye miteremko mikali mwamba huwa wazi kabisa. Penye joto na mvua nyingi, regolithi inaweza kupita mita 100.

Tuchukue eneo la graniti. Chini ya udongo wa juu kuna saproliti, yaani mwamba uliooza palepale ulipo, nayo hudanganya wengi. Ukiitazama ni mwamba, hata mishipa ya kwatzi iko palepale ilipokuwa. Ibane kwa vidole: inasagika, kwa sababu feldispa, madini mengi ya graniti, imegeuka mfinyanzi. Chini zaidi, ndani ya saproliti hiyohiyo, kuna mawe magumu ya mviringo. Maji hupita kwenye nyufa, na pembe ya jiwe hushambuliwa pande tatu kwa mpigo, hivyo huoza kwanza, kiini hubaki. Vingine vina kipenyo cha mita kadhaa.

Mtambo wa kuchoronga ukigonga kiini kama hicho, mtu huandika "mwamba, mita 6" na kazi inafungwa. Matokeo yake nguzo moja inakaa juu ya jiwe, jirani yake juu ya saproliti. Jengo linatitia upande mmoja, na kuta zinapasuka kimshazari.

Kipimo cha nyundo peke yake hakitoshi. Nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka sentimita 76, ikisukuma bomba la sampuli ardhini. Sentimita 15 za kwanza hazihesabiwi, yanahesabiwa mapigo ya sentimita 30 zinazofuata. Mapigo 50 bila kuzama yanasema tu kwamba pana kitu kigumu. Kwa hiyo chorongeni angalau mita 3 ndani ya mwamba mzima, na zaidi pale mawe yanapozidi ukubwa huo. Mkikuta jiwe gumu, kisha ukingo wa rangi ya kutu, kisha laini tena, mmetoboa jiwe na kutokea upande wa pili. Maji ya kuchoronga yakibadilika rangi ghafla, andikeni kina hapohapo, msingoje jioni.

Na sanduku la sampuli likijaa mawe mazuri, msilisifu bado. Ulizeni urefu uliochorongwa. Ikiwa mita 1.5 zimetoa sentimita 60 tu, zile 90 huenda zilikuwa saproliti iliyooshwa na maji, na msingi wenu unaweza kuishia humo.