Mama Ameiona Bluu

NEEMA: Mwangaluka, wana Mwanza! Masanja, wiki hii nilikuwa na mama. Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji, mtoto wa jicho ametolewa.

MASANJA: Mfikishie shikamoo yangu.

NEEMA: Anatusikiliza, ataitikia mwenyewe. Bandeji ilipotoka tu, akashika pindo la khanga yake, akalipeleka dirishani, akaligeuza huku na huku. "Neema, hii ni bluu?" Miaka yote anaivaa akijua ni kijani iliyopauka. Palepale nikamkumbuka Monet.

MASANJA: Mzee wa mayungiyungi.

NEEMA: Claude Monet, Mfaransa. Mayungiyungi ya bwawa lake pale Giverny aliyachora kwa rangi ya mafuta kwenye turubai kama 250. Yale ya mwanzo, jani unaliona, ua unaliona. Picha za uzeeni, daraja lake limegeuka moto mtupu, nyekundu na kahawia, maji huyajui yalipo. Mtoto wa jicho huyo! Mwaka 1923 akapasuliwa jicho la kulia, kama mama.

MASANJA: Ila bwawa lenyewe nusura alikose. Mwaka 1893 aliomba kuvuta maji ya mto, majirani wakagoma. Waliogopa mimea yake ya kigeni itaharibu maji.

NEEMA: Wakamsumbua bure.

MASANJA: Bure? Dada, gugu maji lilitoka wapi? Amerika ya Kusini. Watu walilisambaza duniani kwa sababu ya ua lake la zambarau. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likawa liko ziwani kwetu. Baba mdogo aliwahi kulala majini, pangaboi limesongwa na mizizi, taa za Kirumba anaziona, hafiki. Samaki wote wakaoza.

NEEMA: Lakini yungiyungi la Giverny halikumdhuru mtu.

MASANJA: Mwaka 1893 mfugaji angejuaje? Ana ng'ombe wanaokunywa pale. Msukuma gani asimwelewe mtu yule?

NEEMA: Wangesikilizwa, leo Paris kusingekuwa na zile picha zake za jumba la makumbusho la Orangerie, mita 91 ukizipanga. Mtu anaingia pale anazungukwa na maji na maua. Siwezi kusema walikuwa sahihi.

MASANJA: Na mimi siwezi kusema walikosea.

NEEMA: Jana mama aliomba twende ufukweni. Nikamchumia ua la gugu maji. Petali yake ya juu ina doa la njano, limezungukwa na bluu. Alilitazama mpaka chai ikapoa.

MASANJA: Hukulileta nyumbani?

NEEMA: Liko kwenye glasi.

MASANJA: Neema! Leo glasi, kesho ndoo.

NEEMA: Ni ua moja.

MASANJA: Hata ziwani halikuanza na elfu.

NEEMA: Jamani, dakika zimekwisha. Tuliahidi kueleza jinsi ya kuandaa turubai, na kwa nini rangi ya mafuta inachelewa kukauka.

MASANJA: Tusiwadanganye, leo hatuwezi. Glasi iko wapi?

NEEMA: Dirishani.

MASANJA: Nakuja kulitoa.

NEEMA: Mama anasema karibu, sato yuko jikoni. Ua lake uliache.