Sifuri si nafasi tupu

Maafande, habari za asubuhi. Naona buti za wengine bado zina tope la doria ya jana. Karibuni hivyo hivyo. Kiswahili changu ni cha depo, mtu wa pwani akinisikia atanisamehe.

Nimeitwa hapa Ruhija, kituo chetu askari wa hifadhi ya msitu wa Bwindi, Uganda, kuzungumza juu ya utafiti. Tukilisikia neno hilo tunamwona mgeni mwenye kompyuta, na sisi nyuma yake tumembebea mkoba. Mimi naanza na kinyesi.

Gorila wa milimani hutandika kiota kipya kila jioni. Asubuhi anaondoka, anaacha nywele na kinyesi. Mtoto hulala na mama yake. Kwa hiyo ukifika kiotani unapima: kinyesi chenye upana wa zaidi ya sentimita 7, kando yake nywele za rangi ya fedha, hapo alilala dume mzima, yule mwenye mgongo wa fedha. Rahisi, sivyo?

Mwaka 2006 gorila wa Bwindi walihesabiwa kwa viota, wakapatikana 336. Kinyesi kilipopelekwa maabara kusomwa vinasaba, wakawa 302. Hakuna aliyedanganya. Baadhi ya gorila walikuwa wametandika zaidi ya mara moja usiku uleule, watu wakahesabu vitanda wakidhani wanahesabu walalaji. Gorila 34 tuliwalinda kwenye karatasi tu! Ndiyo maana hesabu ya 2018 ilipita msituni mara mbili, pamoja na msitu jirani wa Sarambwe upande wa Kongo, na sampuli zikasomwa maabara. Jibu likawa 459.

Sasa, sampuli hizo zinaokotwa na nani? Ni sisi. Ukitumia kijiti kimoja kwa viota viwili umechanganya gorila wawili ndani ya kichupa, na hakuna mashine ya Ulaya itakayojua ulikuwa na haraka ya chai.

Kosa langu mimi lilikuwa baya zaidi. Miaka yangu ya mwanzo tulipewa mistari ya kutembea tukitafuta mitego ya waya. Mvua ikatushika, tukajibanza chini ya mti, mstari wa mwisho hatukuufikia. Jioni nikajaza 0. Fomu ikapendeza, bosi akafurahi. Wiki mbili baadaye mwenzetu akakuta funo amenasa kwenye mstari uleule, na waya una kutu. Waya wenye kutu haukutegwa jana, maafande. Ningeacha nafasi tupu na kuandika "mvua, hatukufika", mtu angetumwa kesho yake. Sifuri yangu ilisema pako salama, na doria ikapelekwa kwingine.

Sifuri uliyoitembelea ni data nzuri kabisa, iandike bila aibu. Wengi huona haya kurudi na sifuri, kama vile wamelala kazini. Hilo nawalaumu zaidi wakubwa wanaouliza "umekamata nini?" kabla ya kuuliza "umetembea wapi?"

Basi, maneno yatosha. Tembo walipita nyuma ya banda juzi. Mzunguko wa bonge la kinyesi chao hutusaidia kukadiria umri, kwa kuwa tembo akikua, bonge nalo hukua. Chukueni futi kamba. Bonge ni moja, kila mtu apime peke yake, aandike, asimwonyeshe jirani. Tukirudi tutayaweka majibu yote ubaoni, na la mkuu wa kituo pia.