Mkaratusi nyumbani kwake, ukingoni mwa mto Murray

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Leo siko mjini. Niko Barmah, kaskazini mwa Melbourne, kama saa tatu hivi kwa gari. Huu mto nyuma yangu ndio Murray. Wenyeji wake tangu enzi, watu wa Yorta Yorta, wanauita Dhungala.

Ngoja nigeuze kamera. Mnauona huu mti? Mkaratusi! Ndio huu ambao bibi alituchemshia majani yake tulipopata mafua, tukafunikwa blanketi, sufuria katikati ya magoti, jasho linatiririka. Nimefikicha jani sasa hivi na harufu ni ile ile. Bibi yangu huyo hapa jamani.

Jina lake la kitaalamu ni Eucalyptus camaldulensis. Unaota kandokando ya mito katika majimbo yote ya Australia bara. Kisiwani Tasmania hauoti wenyewe. Msitu wake mkubwa kuliko yote ndio huu wa Barmah na ng'ambo ya mto. Mbao zake nyekundu, ngumu, zilichanwa sana kwa mataruma ya reli.

Sasa tazameni huu mstari mweusi kwenye shina, unanifika kiunoni. Ni alama ya mafuriko. Kwetu tunaulaumu mti huu kwamba unakausha chemchemi, na ukiupanda kwenye chanzo cha maji lawama ni ya haki. Lakini hapa ulizaliwa na mto unaofurika. Maji yanaingia msituni, yanakaa, na yakishaondoka ndipo mbegu zinaota kwenye tope. Tangu yajengwe mabwawa kama la Hume, lililokamilika 1936, mafuriko yamepungua, na ukame mrefu ukija miti inakauka imesimama. Inaniuma. Mti tunaoulaani kwa kunywa maji, kwao ndio unaonyimwa maji.

Na hili kovu, urefu wake unanipita mara mbili. Wazee wa Yorta Yorta walibandua kipande kimoja kirefu cha gome upande huu wakatengeneza mtumbwi, mti wakauacha hai. Gusa ukingoni hapa: umevimba na kujikunja kama kidonda kilichopona.

Chini yake sikai. Matawi yake hukatika ghafla, hata siku ya joto isiyo na upepo. Nasogea pale wazi, kuna kasuku wanaingia kwenye tundu la shina. Subirini nivute kamera karibu.