Mwavuli Ukishafunguka, Hatari Haijaisha

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo. Nawasalimu wote wa Mwanga, Ujiji, Gungu na Kibirizi, pamoja na ndugu zangu wa Kasulu na Kibondo mnaosema siwataji. Leo siko mjini Chicago. Niko kwenye uwanja mdogo wa ndege nje ya mji, ninapofanya kazi wikiendi: nakunja miavuli ya watu wanaoruka kutoka kwenye ndege. Picha zangu za wiki iliyopita ziliwashtua wengi. Mama mdogo alinipigia kabisa kutoka Ujiji, na swali lake ni hilo hilo mnaloniuliza nyote: mwavuli usipofunguka je?

Nataka nilijibu vizuri, kwa sababu kuna kijana wa Gungu kaniandikia kwamba mwaka huu anakwenda Kenya na atapita Diani, kule pwani, aruke. Yeye naye anaogopa tu mwavuli kutofunguka. Sasa akienda na hofu ya kitu kimoja, vile vingine havitamshughulisha.

Haya, sogeeni tuangalie. Mfuko huu wa mgongoni una miavuli miwili. Ule mkubwa ndio ninaoukunja mimi. Nanyoosha kamba zote, napanga kitambaa mkunjo juu ya mkunjo, halafu kipande hiki kidogo cha kitambaa, chenye tundu la kupitisha kamba kila pembe, nakisukuma mpaka juu kabisa, kiguse kitambaa. Kazi yake ni kuuzuia mwavuli usifunguke wote kwa mkupuo, maana ukifunguka kwa kishindo unaweza kumuumiza mtu vibaya au kitambaa kikachanika. Mwavuli wa akiba mimi siugusi. Kwa sheria za Marekani hukunjwa na fundi mwenye leseni, na hata kama haujatumika ni lazima ufunguliwe, ukaguliwe na ukunjwe upya kila baada ya siku 180. Kadi yenye sahihi yake hii hapa, inakaa na mfuko.

Tazameni kifuani. Kulia, kishikio hiki chekundu ni cha kuachia mwavuli mkubwa ukiharibika. Kushoto, hiki cha chuma ni cha kufungua wa akiba. Na humu ndani kuna kikompyuta kinachopima kasi na urefu kutoka ardhini. Mjerumani Helmut Cloth alianza kukibuni baada ya kumpoteza rafiki yake katika mchezo huu, kikaingia sokoni mwaka 1991. Ukipoteza fahamu, au ukasahau kabisa kuvuta, toleo la warukaji wazoefu hufungua mwavuli wa akiba kwenye mita kama 225 kutoka ardhini. Mimi namheshimu sana huyo mtu. Wapo warukaji wengi wanaorudi nyumbani kwa watoto wao kwa sababu yake.

Matokeo yanaonekana. Kwa rekodi za USPA, chama cha warukaji cha Marekani, miaka ya 1970 walikuwa wakifa zaidi ya watu 40 kwa mwaka kwa wastani. Mwaka 2023 walikufa 10, katika miruko inayokaribia milioni 3.65.

Hao wanaokufa siku hizi, wanakufaje? Hapa naomba mnisikilize. Wengi wao mwavuli umefunguka. Mzima kabisa, hauna tatizo lolote. Wanafia kwenye kutua.

Mwavuli wa kisasa si lile duara la zamani linaloshuka taratibu. Huu ni bawa. Una kamba mbili za kuongozea; ukivuta ya kushoto kwa nguvu unakata kona kushoto, na unapokata kona unapiga mbizi, kasi inapanda. Ukiwa juu hakuna shida, bawa litajinyoosha lenyewe. Ukiwa karibu na ardhi halina nafasi ya kujinyoosha, na mtu anapiga chini kwa kasi ya gari la barabara kuu. Kuna wazoefu wanaofanya hivyo makusudi, na miavuli midogo yenye kasi, ili wateleze juu ya majani kwa mbwembwe. Wakikosea kidogo tu kwenye urefu, basi. Ndiyo maana kwenye taarifa za ajali utakuta majina ya watu wenye mamia, hata maelfu ya miruko. Na wapo wageni ambao hawakutafuta mbwembwe yoyote: kaona mti mbele, au kagundua upepo unamsukuma kwa nyuma, kashtuka, kavuta kamba moja mpaka mwisho. Wakufunzi hapa wanalirudia mpaka koo linakauka: ukiwa chini, bawa libaki sawa, miguu ibane pamoja, pokea ardhi. Ni heri uvunjike kifundo cha mguu.

Wengine hugongana hewani miavuli ikiwa wazi, kwa kutotazama pembeni.

Halafu kuna kuchelewa. Mtu akiwa tumbo chini anaanguka zaidi ya mita 50 kila sekunde. Kina cha Ziwa Tanganyika letu, pale palipo refu kuliko pote, ni mita 1,470. Kwa mwendo huo angeyamaliza yote katika muda usiofika nusu dakika. Sasa mwavuli umefunguka vibaya, unazunguka, na mwenyewe anahangaika kunyoosha kamba akidhani bado ana muda. Ule wa akiba upo, mzima, umekunjwa na fundi, lakini anauvuta ardhi imeshafika. Inaniuma sana kusoma taarifa za namna hiyo.

Na ndege nayo isisahaulike. Mwaka 2019, Dillingham kule Hawaii, ndege ya warukaji ilianguka mara tu baada ya kupaa, wakafa wote 11. Hakuna aliyepata hata nafasi ya kuruka.

Sasa wewe kijana wa Gungu. Mara ya kwanza utafungwa kifuani kwa mkufunzi, na hiyo ndiyo njia salama kuliko zote: kwa hesabu za USPA, ni kama abiria mmoja kwa kila miruko 500,000 anayepoteza maisha. Uliza bila aibu kama kile kikompyuta kimo na kimewashwa. Uliza mwavuli wa akiba ulikunjwa lini. Diani ni baharini, kwa hiyo uliza pia vifaa vya kuelea. Wewe umekulia ziwani, unajua maji yanavyomchukua mtu aliyenaswa na kamba. Uzito wako utaje kama ulivyo, na kama una tatizo la moyo sema. Ukiambiwa nyanyua miguu wakati wa kutua, nyanyua mpaka juu.

Na wakikwambia upepo umezidi, leo haturuki, usiwabembelezee nauli yako ya kutoka Kigoma. Lala huko, uulize tena asubuhi.