Aliyeondoka na Aliyebaki: Wanigeria na Kwao

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, wenzangu habari za jioni. Asanteni kwa kuja na mvua hii.

Nianze na mizani. Mwaka 2022 nilikuwa naishi Ibadan, mji mkubwa wa Wayoruba ulio mwendo wa kilomita 130 hivi kutoka Lagos, nikipekua magazeti ya zamani kwa ajili ya utafiti wangu. Chini ya chumba changu walipanga muuguzi mmoja na mama yake. Usiku mmoja wa Septemba walinigongea mlango kuazima mizani, ile ndogo ya kuning'iniza sanduku. Nikashuka nayo. Sanduku lilikuwa wazi sakafuni: mfuko wa gari, yaani unga wa muhogo uliokaangwa, egusi iliyosagwa, yaani mbegu za tikiti za kupikia mchuzi, kamba wadogo wakavu waliokuwa wakinukia nyumba nzima, pilipili, na sare mbili nyeupe za uuguzi zilizopigwa pasi. Ndege inaruhusu kilo 23, sanduku lina 26. Mama anatia, binti anatoa. Walipofika kwenye sare mama akasema, "Hizo ziache, huko watakupa nyingine." Binti hakujibu. Alitoa mfuko wa gari, akazilaza sare juu kabisa, akafunga zipu.

Mara umeme ukarudi, na watoto wa mtaa mzima wakapiga ukelele: "Up NEPA!" NEPA ni shirika la umeme lililobadilishwa jina mwaka 2005, kabla watoto wale hawajazaliwa. Ukelele wameurithi kwa wazazi wao. Na yule muuguzi, magoti yake yako juu ya sanduku la kwenda Uingereza, akapiga ukelele uleule.

Siku hizo neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu ni *japa*. Kwa Kiyoruba ni kutimua mbio, kuchomoka. Sisi tuna "kuzamia", na wazee waliopo hapa wanawakumbuka vijana waliojificha ndani ya meli bandarini ili waamkie Ugiriki. Lakini mzamiaji aliondoka kimyakimya. Anayejapa huombewa kanisani mbele ya watu, kiwanja cha familia kinauzwa ili apate nauli na ada, na ofisini wenzake wanamwandalia hafla. Nimehudhuria hafla tatu za namna hiyo, na katika zote tatu aliyetoa hotuba ya kumuaga mwenzake naye alikuwa anasubiri viza.

Ninalotaka kusema leo ni hili. Tukiwasikia Wanigeria wakibishana kuhusu kwao na ughaibuni, tunadhani wanabishana pahali pazuri ni wapi. Mimi nimewasikia wakibishana juu ya deni. Nchi iliwaahidi kitu, wote wanaidai, na kila upande unaona mwenzake ndiye aliyelisamehe deni hilo: aliyebaki kwa kunyamaza, aliyeondoka kwa kukimbia.

Ahadi yenyewe ilikuwa ya kweli. Karibu na mwaka 1980 naira ilikuwa na thamani kuliko dola. Nigeria ndiyo ilikuwa majuu ya Afrika Magharibi: walimu, mafundi na vibarua wa Ghana walimiminika Lagos kufuata pesa ya mafuta. Bei ya mafuta ikashuka, na Januari 1983 serikali ya Shehu Shagari ikawapa wageni wasio na vibali majuma machache wawe wameondoka. Waliofukuzwa ni zaidi ya milioni moja, wengi wao Waghana, na mizigo yao waliitia kwenye ile mifuko ya nailoni yenye miraba ambayo hata hapa tunabebea nguo za mitumba. Huko hadi leo mfuko huo unaitwa "Ghana must go", na Wanigeria wenyewe wanaubeba.

Mwaka haukuisha. Tarehe 31 Desemba 1983 jeshi lilipindua. Aliyesoma tangazo redioni ni Sani Abacha, na miongoni mwa sababu alizotaja ni kwamba hospitali za nchi zimebaki vyumba vya ushauri tu, hazina dawa, hazina maji, hazina vifaa. Aliyekabidhiwa nchi ni Muhammadu Buhari. Ni katika zama za utawala ule televisheni ya taifa ilipoonyesha tangazo la kijana aitwaye Andrew, na begi lake, aliyechoka na barabara mbovu na umeme wa kubahatisha, akaamua kuondoka zake. Wananchi wakahimizwa wasiwe kama Andrew. Mpaka leo ukimwambia Mnigeria wa makamo neno "Andrew" anaelewa. Kisha likaja shoka la 1986, mpango wa marekebisho ya uchumi chini ya Ibrahim Babangida. Naira ikaporomoka, mshahara wa profesa ukawa wa kununulia matairi, na maprofesa wakawa akina Andrew.

Buhari alirudi mwaka 2015, safari hii kwa kura. Mwaka 2017 alikaa London kwa matibabu zaidi ya siku 100 mfululizo. Mwaka 2019 waziri wake wa kazi alisema kwenye televisheni kwamba madaktari wanaotaka kwenda nje waende, nchi inao wa ziada. Aprili 2023, madaktari walipokuwa wameondoka kweli, ukaletwa bungeni muswada wa kuwanyima leseni kamili mpaka watumikie nchi miaka 5, ukapita kusomwa mara ya pili. Na Julai 2025 Buhari mwenyewe alifariki dunia London, hospitalini. Mungu amrehemu. Alizikwa Daura, kwao.

Namtaja marehemu kwa heshima zote. Lakini tangazo lililomwingiza Ikulu mara ya kwanza lililia na hospitali, na miaka 41 baadaye yeye mwenyewe hakuweza kuzitegemea hospitali za nchi yake. Basi yule muuguzi wa Ibadan, aliyekuwa akinunua glavu kwa pesa yake mwenyewe, anaulizwaje kama anaipenda nchi? Swali hilo nimelisikia redioni wakiulizwa watu wa mshahara wake, na linanikera hata leo.

Sasa siasa. Oktoba 2020 vijana walijaa barabarani kupinga kikosi cha polisi kiitwacho SARS, kilichokuwa kikiwakamata kwa sababu wana kompyuta ya mkononi, au nywele za msokoto, au simu ya bei. Tarehe 20, kwenye kituo cha kulipia barabara cha Lekki mjini Lagos, walikuwa wamekaa chini na bendera, wanaimba wimbo wa taifa. Taa zikazimwa, wanajeshi wakafyatua risasi. Amnesty International ilisema waliouawa Lekki na Alausa, mtaa mwingine wa Lagos, hawapungui 12, serikali ikakana. Walioondoka baada ya hapo, wengi waliniambia kwamba maombi ya viza waliyaanza wiki ileile.

Waliobaki walijaribu kura. Bola Tinubu, aliyetaka kugombea urais kwa chama tawala, alikuwa ameshasema mjini Abeokuta mwezi Juni 2022, kwa Kiyoruba, *emi lokan*: ni zamu yangu. Kwa mzee wa chama lilikuwa neno la kudai haki yake. Kwa kijana wa miaka 25 liliuma, kwa kuwa zamu yake yeye hakuna aliyeitaja. Vijana wakamwandama Peter Obi, mgombea wa upinzani, wakajiita Obidients, na Februari 2023 Obi akashinda hata Jimbo la Lagos, nyumbani kwa Tinubu. Kitaifa Tinubu alipata kura milioni 8.8, mpinzani mwingine, Atiku Abubakar, karibu milioni 7, Obi milioni 6.1. Lakini walioandikishwa walikuwa milioni 93! Waliojitokeza ni kama 27 kwa kila 100. Wakati ule noti zilikuwa zimeadimika kwa sababu ya kubadilishwa, na kuna watu niliowaona wakichagua kati ya foleni ya benki na foleni ya kura, wakaenda benki. Mei 29 rais mpya akatangaza alipoapishwa kwamba ruzuku ya mafuta imekwisha. Lita ya petroli ikaruka kutoka chini ya naira 200 hadi kama 500 wiki hiyohiyo. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa imepita naira 1,400.

Walioko nje hawakupiga kura kabisa. Sheria inamtaka mpigakura awepo kituoni, na Machi 2022 Bunge lilikataa kubadili katiba ili walioko ughaibuni waruhusiwe. Watu hao hutuma nyumbani karibu dola bilioni 20 kwa mwaka. Pesa yao inapokelewa kwa tume maalumu, hotuba na makofi; kura yao hapana. Mkenya aliyeko Dar es Salaam amekuwa akimpigia kura rais wake tangu 2013. Mtanzania aliyeko Nairobi hawezi, kwa hiyo jambo hili tusiliangalie kama la Wanigeria peke yao.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha kidonda kilipo. Kemi Badenoch alizaliwa London, akalelewa Lagos, na Novemba 2024 akawa kiongozi wa chama cha Conservative cha Uingereza. Alikuwa akisimulia utoto wake wa Lagos kama maisha ya hofu. Makamu wa Rais Kashim Shettima akamjibu kwamba akitaka anaweza hata kuliondoa jina lake la Kiyoruba, Kemi. Siku chache baadaye Badenoch akasimulia polisi walivyomnyang'anya ndugu yake saa na viatu. Siasa zake za Uingereza siziungi mkono, hasa juu ya wahamiaji. Lakini habari za polisi wale ndizo zilizowapeleka vijana Lekki. Aliyebaki akiyasema anapigwa risasi. Aliyeondoka akiyasema anaambiwa avue jina. Tuna methali yetu, mkataa kwao mtumwa, na nimesikia ikitumiwa hivyohivyo kumziba mtu mdomo. Kulalamikia kwenu si kupakataa. Asiyepajali hata halalamiki.

Nikiri pia kwamba waliobaki wana hoja nzito, na walioondoka hawapendi kuisikia. Mwalimu mmoja wa chuo, ambaye mwaka 2022 alikaa miezi minane ya mgomo bila mshahara, aliniambia: "Rafiki zangu wa Toronto wananiambia nipigane. Wao wanapigana kwa simu, mimi ndiye nipo karibu na bunduki." Na Desemba wanaporejea, Lagos ikajaa magari ya kukodi na lafudhi mpya, bei ya kila kitu inapanda. Kwa siku 20 wanafurahia nchi ambayo yeye anaivumilia kwa siku 345. Anawakaribisha, maana ni ndugu zake, lakini moyoni ana neno.

Naomba msiichukue japa kuwa ndiyo Nigeria nzima. Hiyo ni hadithi ya kusini zaidi, na ya waliosoma. Mkulima wa Zamfara, kaskazini, aliyefukuzwa shambani na majambazi wenye pikipiki hakuomba viza. Alivuka kwa miguu akaingia Niger, upande wa Maradi. Watu wa Borno waliomkimbia Boko Haram wako kambini Minawao, Kamerun. Na Benin City, mji wa kusini mwa Nigeria, kuna mabinti waliopelekwa Italia tangu miaka ya 1980 kwa kiapo cha waganga, wakaambiwa wakikimbia deni watakufa. Machi 2018 Oba Ewuare II, mfalme wa huko, aliwakusanya waganga ikuluni, akavifuta viapo vile na kuwalaani wasafirishaji. Hao nao wamo katika hesabu ya walio nje, ingawa hakuna aliyewafanyia hafla.

Na neno "kwao" lenyewe halina maana moja. Nilipofika Enugu mzee mmoja wa Kiigbo aliniuliza natoka wapi. Niliposema Tanzania alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Nyerere." Tanzania iliitambua Biafra, nchi ya Waigbo iliyojitenga na Nigeria, Aprili 1968, nchi ya kwanza kufanya hivyo. Mzee alikuwa mtoto wakati ule. Watoto wake wanne wako Marekani, na wamemjengea kijijini nyumba ya vyumba tisa. Anaishi katika viwili. Vile saba anavifagia mwenyewe kila Jumamosi, akanionyesha: vitanda vimetandikwa, feni zimefunikwa kwa nailoni, ukutani picha ya kila mtoto juu ya mlango wa chumba chake. "Wanakuja Krismasi," akasema. Kisha akanyamaza kidogo. "Mwaka huu tiketi zimepanda."

Yule muuguzi sasa yuko Leeds. Alianza kwa zamu za usiku katika nyumba ya wazee, sasa amesajiliwa na anavaa sare yake. Alitaka kumwalika mama yake akakae naye, mama akakataa. Amesema hawezi kuishi mahali ambapo jirani hapiti mlangoni. Binti kila akinipigia hunisimulia kwanza umeme wa Ibadan ulikaa saa ngapi wiki hiyo. Anajua kuliko mimi nilivyojua nilipokuwa naishi ndani yake.

Mimi ningempa kura. Ningempa kura yeye, na mwalimu yule, na mzee wa Enugu na wanawe wanne, kisha wagombane wao kwa wao ndani ya sanduku moja la kura, badala ya kugombana nani anaipenda nchi zaidi.

Mama pale mstari wa pili ameinua mkono tangu nilipomtaja Badenoch. Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, tumsikilize yeye kwanza.